Saa ya Kule

Mwenye mtoto wa mbali asome haya mpaka mwisho, hata kama chai inapoa. Dulcie Pardy alikuwa mama kama sisi wengine: anajua kupika, anajua kushona, anajua kujumlisha na kutoa kwa kalamu nyuma ya bahasha. Alifika darasa la sita tu, kisha akaingia kiwanda cha samaki, lakini hesabu za nyumbani hazikuwahi kumshinda. Siku hesabu ilipomshinda, ndiyo siku mwanawe alipoitegemea hesabu hiyo.

Simu ililia saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa sita, ukungu umeziba dirisha la jikoni hata nyumba ya jirani haionekani. Dulcie aliipokea kwa mkono wenye siagi akidhani ni dada yake. Kumbe ni Leander, kitinda mimba wake, aliye kwenye machimbo ya mafuta kule Alberta, mwisho wa pili wa nchi.

"Mama, usipige kelele."

Mama akiambiwa asipige kelele, moyo wake unakuwa umeshapiga.

"Uko wapi?"

"Edmonton. Hospitali. Leo siku ya nne."

"Ya nne! Na juzi uliponiambia mnakula nyama choma kambini?"

"Nilikuwa hapa hapa kitandani. Nikikwambia ungeanza kusugua kuta."

Ni kweli angesugua. Alianza hata sasa, kitambaa mkononi, anafuta meza iliyokwisha kufutwa, huku Leander anaeleza kwa sauti ya mtu aliyekauka mdomo. Bomba la chuma lilichomoka kwenye mnyororo likamwangukia mguu wa kulia. Mfupa uliungwa vizuri. Lakini kidonda kiliingiwa na uchafu, na tangu jana nyama inaoza. Nesi alichora mstari kwa kalamu kuzunguka mguu, pale wekundu ulipoishia. Baada ya muda mfupi wekundu ulikuwa umeuruka mstari. Akachora mwingine juu yake.

"Daktari anataka kukata, mama. Saa mbili asubuhi, saa ya hapa. Anasema akikata mapema atakata chini ya goti. Ameniachia karatasi nisaini."

"Umesaini?"

"Bado. Nimekupigia wewe kwanza."

Hapo ndipo mtu wa nje angeshangaa, lakini nyumba ya akina Pardy ilikuwa na sheria yake. Hedley, baba yake Leander, alikuwa mvuvi. Mwaka ule serikali ilipofunga uvuvi, afisa aliweka meza kwenye ukumbi wa kanisa, na Hedley akaenda peke yake, akasaini kuirudisha leseni yake kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Ukurasa wa pili, uliosema leseni haitarudi tena kwake, hakuusoma. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na hakuna siku aliyomaliza bila kuutaja ukurasa wa pili. Tangu azikwe, hakuna aliyesaini karatasi peke yake katika nyumba ile. Wanakaa wawili, inasomwa kwa sauti kutoka juu mpaka chini, ndipo kalamu inaguswa. Hata karatasi ya mashine ya kufulia ilisomwa hivyo, fundi amesimama mlangoni anacheka.

"Usisaini kitu," alisema Dulcie. "Nakuja. Tutaisoma pamoja."

"Mama, huku ni mbali."

"Mbali kitu gani? Watoto wa mtaa mzima wanakwenda na kurudi kila mwezi."

Na hilo pia lilikuwa kweli. Nusu ya vijana wa St. John's, mji wao kwenye kisiwa cha Newfoundland, wanafanya kazi huko: wiki tatu kambini, wiki moja nyumbani. Mtu anaaga Jumatatu kama anakwenda kununua maziwa. Edmonton ilikuwa mdomoni mwa kila mmoja, kiasi kwamba Dulcie, ambaye hajawahi kupanda ndege, aliiona kama mtaa wa nyuma ya kilima.

Alimgongea Verna, jirani yake, naye akaja amevaa gauni la kulalia, kompyuta kwapani. Wakakaa mezani. Verna akaandika majina ya miji miwili, na ukurasa ukafunguka wenye ramani na mstari mwekundu ulionyooka kutoka kisiwani hadi Alberta.

"Kilomita elfu nne mia mbili na kumi," alisoma Verna. "Muda wa kuruka, saa tano na dakika arobaini na tano."

"Basi hivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Dulcie alipumua kwa mara ya kwanza tangu simu ilie. Saa tano na kitu! Zamani alikaa kwenye basi muda mrefu kuliko huo kwenda kumwona mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe hakuwa na thamani ya safari. Verna akatafuta tiketi, akaipata, Dulcie akaandika kwenye bahasha: kuondoka saa tatu na nusu asubuhi, kufika saa nane na dakika arobaini mchana.

"Ni pungufu hata ya ule muda wa kwanza," alisema. "Rubani atakuwa na haraka zake."

"Hapa wanasema unabadilisha ndege Toronto."

"Si kubadilisha tu? Nitakimbia."

"Dada Dulcie, wewe na magoti hayo ukimbie? Ukimbizwe na nani?"

"Verna, leo usinichekeshe." Kalamu yake haikusimama. Alberta wako nyuma ya kisiwa kwa saa tatu na nusu, hilo kila mtu analijua, ndiyo maana vijana hupiga simu watu wamelala. Akatoa saa tatu na nusu kwenye saa nane na dakika arobaini. Ikabaki saa tano na dakika kumi. Asubuhi! Alirudia mara mbili, ikatoka vile vile. Aliona kama ameokota zawadi: saa zenyewe zinarudi nyuma ili yeye amuwahi mwanawe.

Akapiga namba ya wodi.

"Leander, saa tano na dakika kumi ya kwenu nitakuwa nimetua."

Simu ikabadilishwa mkono. Kisha sauti ya mwanamke, daktari mwenyewe, aliyekuwa ameitwa kitandani kwa Leander. "Mama, ningependa asaini sasa. Kila saa ina uzito."

"Wewe una mtoto, daktari?"

"Ninaye."

"Basi unanielewa."

Daktari akajibu, "Saa sita kamili ndiyo mwisho wangu. Na hiyo saa sita siyo nzuri. Nataka ujue hivyo. Ni mtu mzima, siwezi kumshika mkono asaini, lakini wewe anakusikiliza."

"Saa tano na dakika kumi nipo," alisema Dulcie. Neno lile alilisema kwa furaha kabisa. Hilo ndilo lililomla baadaye.

Uwanja wa ndege ni dakika kumi kutoka kwake. Aliingia ndani ya ndege saa tatu na robo, kofia kichwani, bahasha mkononi, akaketi karibu na dirisha. Dirishani hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja kama blanketi lililolowa, na rubani akatangaza kwamba wanasubiri upungue. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu ikapita. Dulcie alikuwa akitoa dakika kwenye hesabu yake moja moja: alikuwa na akiba ya dakika hamsini kabla ya saa sita, na sasa akiba yote ilikuwa imekwisha na deni limeanza.

"Tutaondoka saa ngapi?" alimuuliza mhudumu.

"Ukungu ukituruhusu, mama."

"Ukungu wa hapa haujawahi kumruhusu mtu. Nimeishi nao miaka hamsini na minane."

Watu wa viti vya jirani wakacheka. Yeye hakucheka. Magurudumu yaliondoka ardhini saa tano kamili.

Kando yake alikaa mwanamume mnene mwenye ndevu nyekundu, fundi wa kuchomelea vyuma, jina lake Garfield Snook. Alikuwa akirudi kambini. Alikuwa na maneno mengi kama ilivyo kawaida ya watu wa bandarini, na alimpa Dulcie nusu ya mkate wake wa nyama bila kuombwa.

"Kula mama. Mke wangu akijua nimekula chote peke yangu ataniongezea wiki ya nne kule."

"Sina koo la kula, mwanangu."

Akamweleza. Garfield akaacha kutafuna. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aione bahasha.

"Hii saa tano na dakika kumi umeitoa wapi?"

"Tiketi inasema nafika saa nane na dakika arobaini. Nimetoa saa tatu na nusu za tofauti."

Garfield alikunja mikono ya shati. Alikuwa amevaa saa mbili, moja kila mkono, kama wanavyofanya wengi wa wanaokwenda na kurudi: ya kushoto ni ya nyumbani, ya kulia ni ya kambini. Akaziweka mbili pamoja mbele ya uso wa Dulcie.

"Mama, saa hii ya kufika siyo ya mkono huu wa kushoto. Ya kuondoka wanaandika ya kwetu, ya kufika wanaandika ya kule. Saa nane na dakika arobaini ni ya mkono wa kulia. Wameshakutolea wao. Wewe umetoa tena."

Dulcie alitazama mkono wa kulia wa Garfield. Kisha wa kushoto. Kisha wa kulia.

Watu wa kisiwa kile wamezoea kukumbukwa. Redio ya taifa ikitaja saa ya kipindi, hutaja ya nchi nzima kisha ikaongeza, na nusu saa baadaye kwa Newfoundland. Tangu azaliwe Dulcie hakuwahi kusikia saa ikitajwa bila ya kwao kutajwa. Basi alipoona saa kwenye tiketi iliyonunuliwa jikoni kwake, haikumpitia hata akilini kuuliza ni saa ya nani.

"Na ule ukurasa wa kompyuta? Umesema saa tano na dakika arobaini na tano!"

"Huo ni wa mstari ulionyooka. Hakuna ndege inayopita mstari huo. Nimekwenda mara thelathini na moja, sijaipata. Mpaka Toronto, ushuke, ukae, upande nyingine. Na kwa kuchelewa huku, hiyo ya kwako ya Toronto itakuwa imekwisha kuondoka." Akairudisha bahasha. "Kwa bahati nzuri utakuwa Edmonton jioni."

"Jioni ya mkono upi?"

"Wa kulia, mama."

Alisimama. Mkanda wa kiti ukamrudisha chini, akaufungua, akasimama tena. Alimfuata mhudumu mpaka nyuma ya ndege, kwenye kile kijumba wanachopashia chakula, akamshika kiwiko.

"Nataka kupiga simu. Sasa hivi. Mwanangu ananisubiri na mguu unaoza."

"Mama, tuko angani. Hakuna simu."

"Rubani anaongea na watu wa chini, nimemsikia! Amwambie mtu mmoja tu. Neno moja: asaini."

Mhudumu alikuwa msichana mwenye umri wa Leander. Macho yake yalijaa, lakini kichwa chake kilikuwa kinakataa. Alikwenda mbele, akakaa huko dakika kumi ambazo Dulcie alizisimamia, amejishikilia ukutani. Aliporudi alisema rubani amepeleka habari kwa watu wa shirika lao Toronto, lakini hawawezi kuahidi kumpata mgonjwa. Mtu atamngoja mlangoni.

"Mlangoni lini?"

"Tukitua. Kama saa tatu hivi kutoka sasa."

Saa tatu. Mwenzangu unayesoma, kaa na saa tatu hizo ujaribu. Dulcie alikaa nazo huku Garfield amemwachia mkono wake wa kulia, saa ile ikiwa juu, kwa sababu yeye aliukamata na hakuuacha. Saa mbili asubuhi ilipita kule, saa ambayo daktari alitaka kukata. Saa tatu ikapita. Alimwona Leander amelala anatazama saa ya ukutani, na nesi anachora mstari mwingine. Alitaka kuomba Mungu akashindwa, maana alichotaka kuomba ni kwamba mwanawe asimwamini mama yake, na hakujua sala hiyo inaanzaje.

"Labda amesaini," alisema Garfield.

"Huyo? Nilimlea mwenyewe. Nimemkataza."

Walitua Toronto saa tano kamili kwa mkono wa kulia. Abiria walimpisha Dulcie wote, kiti kwa kiti, kwa sababu Garfield alikuwa nyuma yake ananguruma, "Pisheni, pisheni mama apite." Mlangoni alisimama mwanamke wa shirika, amevaa skafu ya bluu, ana kipande cha tiketi mkononi na uso wa mtu aliyeleta neema.

"Bi Pardy? Tumekupatia kiti. Kimoja tu, ndege ya sasa hivi. Saa tisa na nusu utakuwa Edmonton. Lakini tukimbie, lango linafungwa baada ya dakika kumi."

"Mmempata mwanangu?"

"Tumepiga, wodi haikupokea. Twende mama, utampigia ukifika."

"Nikifika!" Dulcie aligeuka. "Garfield, simu yako."

Garfield alikwisha kuitoa. Akabonyeza namba iliyokuwa kwenye bahasha. Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Mwanamke wa skafu akatazama saa yake. Garfield akapiga tena.

"Wodi," ikajibu sauti, ya kike, yenye haraka.

"Mimi ni mama yake Leander Pardy, mwenye mguu."

"Afadhali! Umeshatua? Nimwambie daktari? Anauliza kila dakika tano."

"Nipe mwanangu."

Simu ilipelekwa. Zikasikika hatua, mlango, kisha pumzi nzito.

"Mama." Ulimi wake ulikuwa mzito kwa homa. "Nilijua. Nimewaambia wewe hujawahi kuchelewa. Uko chini hapo?"

"Leander, nisikilize. Niko Toronto."

"Uko wapi?"

"Nilikosea saa. Kosa ni langu, ndege haina kosa. Saini sasa hivi."

"Ulisema tusome wote."

"Saini!"

"Unafika saa ngapi, basi?"

Mwanamke wa skafu alisikia swali hilo, maana Leander alikuwa anapaza sauti. Akajibu yeye, kwa nia njema, akiinama kwenye simu: "Saa tisa na nusu, akikimbia sasa!"

"Basi nitasubiri," alisema Leander. "Saa tisa na nusu siyo mbali. Mama, wanataka kunikata mguu. Siwezi peke yangu. Nitasubiri."

Dulcie aliona jambo lote kwa mara moja. Akipanda ndege ile atakuwa angani saa nne, hawezi kusikia wala kusema, na mwanawe atalala pale akitazama ukuta, akimngoja, wekundu unapanda. Hata Leander akimwapia kwamba atasaini, mlango wa ndege ukifungwa atasubiri. Alimjua. Na yeye akibaki, pengine hatamwona tena akiwa hai.

Akaketi sakafuni, pale pale kwenye zulia la uwanja, watu wanampita na masanduku.

"Sipandi," alisema.

"Mama?"

"Sipandi ndege hiyo. Nimekaa chini, muulize mtu hapa. Siondoki Toronto mpaka nisikie umesaini. Ukitaka kuniona, saini. Usiposaini nitaota mizizi hapa, nitazeeka hapa, wataniruka wakienda zao."

"Unanitisha."

"Ndiyo, nakutisha! Na wewe utanitisha ukipona!"

Mwanamke wa skafu alimgusa bega. "Mama, dakika sita."

"Mpe mwingine kiti," alisema Dulcie bila kugeuka. "Leander, huyo nesi yupo? Mwambie aweke simu yenu kwenye spika. Nesi, jina lako nani?"

"Marichu."

"Marichu binti yangu, isome hiyo karatasi. Kutoka juu. Usiruke neno. Niko hapa, yeye yuko hapo, tuko wawili."

Marichu akasoma. Alisoma kwa haraka mwanzoni, kisha akapunguza. Jina la mgonjwa. Tarehe ya kuzaliwa. Upasuaji: kuondoa mguu wa kulia. Pale pa kusema ni wapi, alisita, akasoma pale maneno ya alfajiri yalipokatwa kwa kalamu na kuandikwa mengine: juu ya goti.

"Juu?" alisema Leander. "Alisema chini."

"Ilikuwa chini saa mbili asubuhi, kaka," Marichu alisema polepole. "Wekundu umepita mstari wa nne."

Garfield alitazama dari. Dulcie alijiuma kidole gumba mpaka akahisi chumvi, kisha akatoa sauti, na sauti haikutetemeka, namna alivyoweza hajui mpaka leo.

"Endelea, Marichu. Ukurasa wa pili."

Wa pili ulihusu damu, usingizi wa dawa, na kwamba mtu anaweza asiamke. Ulisomwa wote. Wakati unasomwa, mlango wa ile ndege ulifungwa, na mwanamke wa skafu akaondoka bila kuaga, kisha akarudi na kikombe cha maji akakiweka sakafuni karibu na goti la Dulcie.

"Nimeshika kalamu," alisema Leander.

"Nakusikia."

"Mama, nikilala nisiamke je?"

"Saini, mwanangu."

Kalamu haina sauti kwenye simu. Alisikia pumzi yake tu, kisha Marichu akisema, "Amesaini," kisha miguu mingi, magurudumu ya kitanda, na mtu akakata simu.

Ndege iliyofuata iliondoka saa nne baadaye kwa hesabu ya moyo, saa mbili kwa hesabu ya ukutani. Ya nini kuandika Dulcie alikuwaje ndani yake? Alikaa wima. Garfield alikuwa ameachana naye Toronto kwenda lango lake, akamvulia saa ya mkono wa kulia akamfunga mkononi, na yeye hakuitazama hata mara moja. Saa haikuwa na la kumwambia tena.

Alifika wodini saa kumi na mbili jioni ya kule, jua bado liko juu kama mchana. Daktari alimkuta kwenye korido. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho yaliyochoka.

"Yu hai," alisema kwanza. "Ameamka. Nadhani tumeutoa wote ule uchafu. Nimekata juu ya goti."

"Ungekata asubuhi?"

Daktari angeweza kuzunguka. Hakuzunguka. "Goti lingebaki. Mtu mwenye goti hupanda ngazi. Asiye na goti hujifunza upya kila kitu."

Dulcie akaitikia kwa kichwa, akaingia.

Leander alikuwa mweupe kama mto aliolalia. Alimtazama mama yake akisogea, kofia yake imeinama upande, bahasha iliyokunjamana bado mkononi. Hakutabasamu. Dulcie akavuta kiti, akaketi, akamshika mkono. Mkono ulikuwa na joto la kawaida, la mtu asiye na homa.

"Daktari amekwambia?" aliuliza Leander.

"Ameniambia."

"Kwamba asubuhi goti lingebaki. Ni kweli, au ananitisha tu kama wewe?"

Njiani alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa amepanga kusema ukungu, kusema Toronto, kusema Mungu amependa hivi. Kinywani hayakuja.

"Ni kweli. Ningekuachia usaini saa ile uliponipigia, ungekuwa nalo. Nilikwambia usubiri, na saa niliyokupa sikuwa nayo."

Leander akauondoa mkono wake, taratibu, akauweka juu ya kifua. Alitazama dirisha. Nje, magari ya watu waliotoka kazini yalikuwa yanapita.

"Nilikuwa nahesabu na saa ya ukutani," alisema. "Ilipofika tano na dakika tano nilimwambia Marichu anichane nywele."

Dulcie akaikunja bahasha mara mbili, akaitia mfukoni. Mtu alileta sinia ya supu, akaiweka, akaondoka, supu ikaacha kutoa moshi.

"Mama," alisema Leander mwishowe, bado anatazama nje.

"Abee, mwanangu."

"Upande huo jua linaniumiza, na wewe unanizuia nisivute pazia. Kaa upande ule."

Dulcie alisimama, akainua kiti kwa mikono miwili kisikwaruze sakafu, akazunguka kitanda. Upande ule, wa mguu wa kulia, blanketi lilikuwa limelala bapa kutoka katikati kwenda chini. Akaweka kiti hapo, akaketi.